Kichaka Kilichokufa Upande Mmoja

Hii nikikusimulia utasema natunga. Hata mimi, kama nisingekuwa jirani yao, nisingeamini. Kuna kichaka kimoja hapa Maore, chini ya mlima. Kichaka ni kimoja, udongo ni mmoja, miti ni ya aina moja. Kilikatwa kwa shoka lile lile, mwaka ule ule, na watu wa nyumba moja. Upande mmoja ukafa kabisa. Upande wa pili ukarudi na nguvu zote. Nina picha za pande zote mbili kwenye simu. Nikiwaonyesha watu wanasema nimezipiga kwenye mikoa miwili tofauti.

Basi nisikilize, nianzie mwanzo.

Mwenye kichaka ni Paschal. Mke wake ni Esta. Wote wametoka Mhezi, kule juu milimani, wakashuka Maore kulima mpunga na mahindi. Mtoto wao mkubwa anaitwa Rodgers, kwa hiyo huku tunawaita Baba Rodgers na Mama Rodgers. Kila asubuhi Esta anawasha moto nje ya jiko na kubandika makande. Unajua makande yetu. Mahindi na maharage hayataki haraka. Yanachemka mpaka jua linapanda, na moto hautakiwi kuzima.

Kuni zote za Esta zilitoka kwenye kichaka hicho. Paschal aliachiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa na kipande cha ardhi huku chini. Kimejaa milama, ile miti migumu ya nyika inayotoa kuni nzuri na fito zilizonyooka. Kiko karibu sana na nyumba. Ukisimama mlangoni ukaita, mtu aliye kichakani anakuitikia. Wanawake wengine wa kitongoji chetu wanaenda mbali nyikani kutafuta kuni. Wanarudi jua kali, shingo zimezama mabegani kwa mzigo.

"Siku kichaka hiki kikiisha," Esta alikuwa akisema, "na mimi naingia kwenye ile foleni ya nyikani. Na magoti yangu haya, sijui nitafika wapi."

Sasa, watu wa milimani wana mazoea yao. Kule Mhezi miti ya kujengea hukatwa wakati wa masika. Mbegu zimeshaingia ardhini, palizi bado, watu wana nafasi. Ukoo unaitana kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila mtu anakuja na shoka lake. Tena mti wa masika ni laini. Shoka linaingia kama kwenye mgomba. Ganda unalivuta tu, linatoka lote. Na kule juu visiki havisumbui. Ukungu na manyunyu yapo karibu mwaka mzima. Unakata leo, unasahau, unarudi unakuta mti.

Paschal alishuka Maore na mazoea hayo hayo. Mwaka juzi, mwezi wa tano, alitaka fito za banda la mbuzi. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Akakata upande wote wa chini wa kichaka. Banda likasimama, zuri kweli.

Mwezi wa sita visiki vikatoa vichipukizi vidogo, vyembamba kama njiti. Paschal akafurahi. Mwezi wa saba mvua ikawa imeshakwenda, na upepo wa kiangazi ukaanza. Vichipukizi vikanyauka, kimoja baada ya kingine.

"Vitarudi," Paschal akasema. "Mlama haufi."

Mwezi wa tisa mwishoni, Esta naye akachukua shoka. Rodgers alikuwa anapata kipaimara mwishoni mwa mwaka, na wageni wangekuwa wengi. Alitaka kuni zikauke mapema. Akaenda upande wa juu. Wakati huo milama yote ilikuwa imepukutisha majani. Imesimama mitupu, ya kijivu, kama imekufa.

Paschal alimkuta anakata. Akasimama akacheka.

"Mama Rodgers, unakata maiti hizo? Mti hauna hata jani moja. Ukiukata sasa ndiyo umeuzika."

"Na wageni wa kipaimara nitawapikia kwa nini, Baba Rodgers? Kwa maneno yako?"

"Mimi nimesema. Usije ukalia."

"Nenda kachunge mbuzi wako kwenye banda lao zuri," Esta akamwambia, na shoka likaendelea kulia ko, ko, ko.

Mvua za vuli zikaja. Hapo ndipo maajabu yalipoanza.

Visiki vya Esta, vile vya upande wa juu, vilitoa machipukizi manene, ya kijani kilichokolea. Kisiki kimoja kilitoa machipukizi mengi kama vidole vya mikono miwili. Kufika mwezi wa pili mwaka jana yalikuwa yamepita goti. Upande wa chini, wa Paschal, hakukuwa na kitu. Visiki vimekuwa vyeusi. Vingine vimeota uyoga. Vingine mchwa wamejenga ndani.

Paschal alizunguka pale asubuhi nzima. Akaja kwenye kibaraza chetu, akakaa bila kusalimia mtu.

"Kuna mkono wa mtu hapa," akasema.

Mtu mwenyewe aliyemtaja ni Koileken. Huyu ni mfugaji, boma lake liko upande wa nyikani. Ng'ombe na mbuzi wake hupita kwenye njia iliyo chini ya kichaka wakienda kunywa maji. Paschal akaamua kuiziba njia ile kwa miiba na kupeleka kesi kwenye baraza la kijiji. Na Wapare kwa kesi tunajulikana. Mpare akidhulumiwa kuku anaweza kwenda nayo mpaka wilayani, akatumia nauli ya kununua kuku kumi.

Kesho yake akamsubiri Koileken njiani. Esta alikuwa nyuma yake. Na mimi nilikuwepo, simu mkononi.

"Koileken, mbuzi wako wamenimalizia kichaka."

"Baba Rodgers, habari ya asubuhi kwanza."

"Nzuri. Mbuzi wako wamenimalizia kichaka."

Koileken akaegemea fimbo yake. "Wamemaliza upande gani?"

"Huu wa chini."

"Na wa juu?"

"Wa juu mzima. Umechipua."

Koileken akaangalia juu, akaangalia chini, hana haraka. "Kwa hiyo mbuzi wangu wameyaacha majani laini pale juu, wakaja kula visiki hapa chini. Rafiki yangu, nipe hiyo dawa uliyowapa. Mimi nikisinzia kidogo tu wanatafuna hata shuka langu."

Esta alicheka mpaka akageukia pembeni. Paschal hakucheka.

"Utanieleza kwenye baraza."

"Nitakuja. Lakini ukiziba njia, ng'ombe wangu wakanywe wapi?"

Paschal akampa mgongo. Akaondoka.

Mtendaji wa kijiji alimsikiliza, kisha akamwambia hivi: kabla ya baraza, bibi misitu, yaani afisa misitu wa kata, aje aone kwa macho. Bibi misitu wetu anaitwa Salama. Ni dada mdogo tu, anaendesha pikipiki mwenyewe, na kisu kidogo hakimtoki mfukoni.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," akasema alipofika.

"Marahaba. Karibu uone uharibifu," Paschal akajibu.

Koileken alikuwa ameshafika, amesimama kando. Salama akaenda moja kwa moja upande wa chini. Aliinama kwenye kisiki cha Paschal, akavunja kichipukizi kilichokauka, akakiangalia ncha.

"Hiki hakijaliwa na mbuzi," akasema. "Mbuzi akila anakata ncha. Ona, hii ncha ipo. Kimekauka chenyewe."

"Basi kimerogwa," Paschal akasema.

Salama akatoa kisu, akakwaruza ganda la kisiki. Ndani palikuwa na unga wa kahawia. Akapanda juu, akakwaruza kisiki cha Esta. Chini ya ganda palikuwa kijani, na maji maji.

"Baba, huu wa chini ulikata mwezi gani?"

"Wa tano. Kwenye mvua."

"Na huu wa juu?"

"Huo sikukata mimi. Alikata mama huyu, mwezi wa tisa, kiangazi. Miti imekauka, haina jani."

"Haikukauka, baba. Ilikuwa imepumzika." Salama akakaa juu ya jiwe. "Nikuulize. Wewe ni mkulima. Mwezi wa nne ghalani kwako kunakuwa na nini?"

"Panya," Esta akajibu kabla ya mume wake.

Tukacheka wote. Paschal naye akatabasamu kidogo. "Ni kweli," akasema. "Mwezi wa nne mbegu nimeshaziweka shambani, na mahindi tumeyala. Ghala tupu. Tunasubiri mavuno."

"Na mvua zikiisha, ukishavuna?"

"Limejaa."

"Mti nao ni hivyo hivyo," Salama akasema. "Ghala la mti ni mizizi. Mvua zikianza, mti unatoa chakula chake kwenye mizizi, unakipandisha juu kutengeneza majani mapya na matawi. Wakati huo mizizi imebaki mitupu. Ukija na shoka ukakata, umechukua majani yote na ghalani hakuna kitu. Kisiki kitachipua kwa kutumia nini? Kinajaribu, kinatoa vijiti vyembamba. Halafu mwezi wa sita mvua inakata, kiangazi kinavikuta bado vichanga. Vinakufa. Na kile kidonda kimenyeshewa, kinaoza, uyoga na mchwa wanaingia."

Paschal akageuka, akaangalia visiki vyake kule chini.

"Sasa kiangazi," Salama akaendelea. "Majani yamefanya kazi yake msimu mzima. Kabla hayajapukutika, mti unateremsha chakula kwenye mizizi na kukihifadhi. Ndiyo maana mti unaonekana umekufa, kumbe ghala limejaa. Ukikata mwishoni mwa kiangazi, kabla vitumba havijafumuka, kisiki kinangoja kidogo tu. Vuli inakuja. Chakula kipo, maji yapo. Kinachipua kwa nguvu."

"Lakini Mhezi tunakata masika," Paschal akasema, "na miti inarudi."

"Mhezi ni Mhezi, baba. Kule kisiki hakikutani na kiangazi kama hiki chetu. Huku ni nyika. Huku mti una nafasi moja tu, na ukiipoteza umepoteza."

Paschal akavuta pumzi. Akamgeukia Koileken.

"Koileken."

"Nipo."

"Ile kesi."

"Ipi?" Koileken akauliza, kama hajui kitu.

"Haipo tena. Samahani, ndugu yangu. Pitisha ng'ombe wako."

"Ng'ombe walishapita," Koileken akasema. "Nilijua hutaziba. Miiba yenyewe ungekata wapi, na kichaka umekiua?"

Salama akawaonyesha na mambo mengine. Kisiki kikatwe chini, kiasi cha kiganja kutoka ardhini, kwa shoka kali, bila kupasua. Kikatwe mshazari, maji ya mvua yateleze. Yakitoka machipukizi mengi, ubakize mawili au matatu yenye nguvu, mengine upunguze. Visiki vifunikwe kwa matawi ya miiba, kwa sababu mbuzi kweli hakula safari hii, lakini akipata nafasi atakula. Na miti michache mikubwa iachwe kabisa, itoe mbegu. "Na si kila mti unachipua," akasema. "Mti mzee sana unaweza kugoma hata ukiukata mwezi wa tisa. Usikate miti yote kwa mara moja."

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa unakuja.

Unajua, kabla Salama hajaja, Paschal alikuwa ameshaomba msaragambo kwa ukoo. Nyumba yao ilikuwa inavuja. Mabati yana matundu, kuta za udongo zimeanza kubomoka. Ndugu wa Mhezi walikubali kuja mwezi wa nne, wakate milama yote iliyobaki katikati ya kichaka na kusimamisha nyumba mpya. Aliyewaongoza ni Eliamini, baba mdogo wa Paschal, aliyemlea tangu baba yake alipofariki.

Paschal alimpigia simu. "Baba mdogo, naomba tusogeze kazi mpaka mwezi wa tisa."

Mzee akadhani anaogopa gharama ya chakula. "Usihangaike, mwanangu," akajibu. "Maharage tutakuja nayo." Akakata simu. Paschal akapiga tena, mzee akamwambia kwamba mambo ya simu hayasikiki vizuri, wataongea wakifika.

Wakafika kweli. Lori la fuso lilijaa watu, wamelowa, mashoka mikononi, wanaimba. Mvua ilikuwa inanyesha. Esta alikuwa ameivisha makande kwenye masufuria mawili makubwa. Koileken naye alikuwa ameleta maziwa.

Paschal akatoka nje, akasimama kati ya watu na kichaka.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Tuonyeshe pa kuanzia."

"Baba mdogo, leo hatukati."

Nyimbo zikakatika. Unasikia mvua tu kwenye bati.

"Hebu rudia," Eliamini akasema, taratibu.

"Miti tutakata mwezi wa tisa. Tukikata leo itakufa. Hii ndiyo iliyobaki."

"Paschal. Nimetoa watu majumbani mwao. Tumeteleza na matope ya mlima mzima. Mwezi wa tisa kila mtu ana kazi zake, hawa hutawapata tena. Nyumba yako hii hapa inavuja, na watoto wako wamo ndani. Halafu unaniambia kuhusu miti?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Mtu mmoja kwenye kundi, binamu yake Clemence, akasema kwa sauti, "Ameshuka nyikani, sasa anafuga miti kama ng'ombe." Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

Koileken akajibu kutoka kule alikosimama, na yeye bila hasira. "Hata ng'ombe, kaka, akiwa ananyonyesha sisi hatumchinji. Tunangoja."

Paschal hakubishana. Alimshika mzee mkono akampeleka kichakani. Sote tukafuata. Akampa kisu. "Kwaruza hapa, baba mdogo."

Eliamini akakwaruza kisiki cha chini. Unga ukamwagika. Akakwaruza cha pili, na cha tatu. Kisha wakapanda juu. Machipukizi ya Esta yalikuwa yamefika kiunoni, majani yanameta kwa mvua. Mzee akayapapasa.

"Huku alikata nani?"

"Mama Rodgers. Kiangazi."

"Na kule chini?"

"Mimi. Masika, kama tunavyokata nyumbani siku zote."

Mzee akavua kofia, akaikung'uta maji. "Sasa watu hawa nimewaleta na mikono yao," akasema. "Wafanye nini?"

Esta ndiye aliyejibu. "Msingi haujachimbwa, baba. Na mawe yapo mengi korongoni. Msingi hauna masika wala kiangazi."

Eliamini akarudi kwa watu wake. "Wekeni mashoka. Chukueni majembe."

Wengi walikubali. Wakachimba, wakabeba mawe, mpaka jioni msingi ukawa umejaa. Lakini si wote. Clemence na wenzake wachache walipanda kwenye fuso, wakakaa humo siku nzima, na makande hawakuonja. Kwetu kukataa chakula cha msaragambo ni neno zito. Paschal aliona. Akaendelea kubeba mawe.

Masika yale yaliwatesa. Usiku Esta alipanga mabeseni chini ya matundu, na watoto walilala kona moja iliyobaki kavu. Kuna siku nilimkuta Paschal anaangalia ile milama ya katikati, imejaa majani, imenyooka. Nikamuuliza anawaza nini.

"Nawaza kwamba shoka liko pale mlangoni," akasema. Akaingia ndani.

Mwezi wa tisa mwishoni mzee Eliamini akarudi, na watu wanne tu. Wengine walikuwa na kazi zao, kama alivyosema. Koileken akaleta vijana wawili wa boma lake. Walikata kwa siku nyingi, tena kwa shida, maana mlama wa kiangazi ni mgumu na ganda halitoki hovyo. Walikata chini, mshazari, wakaacha miti mikubwa michache. Kila kisiki Esta alikifunika kwa miiba.

Nyumba ikapauliwa kabla ya vuli. Haivuji. Na mvua ziliponyesha, visiki vya katikati vikachipua, karibu vyote. Mwaka huu Esta anapunguza machipukizi ya upande wa juu, na yale anayopunguza yanamtosha kuwashia moto. Kwenye foleni ya nyikani hajaingia. Upande wa chini bado uko wazi, isipokuwa miche michache iliyoota kwa mbegu. Itachukua miaka. Clemence mpaka leo akikutana na Paschal gulioni anaangalia pembeni.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma. Mvua inanyesha. Nyumba yako inavuja na watoto wamo ndani. Mzee aliyekulea amekuletea fuso zima la watu, mashoka yamenolewa, na hawatarudi tena wengi hivyo. Miti iko hapo mbele yao, imenyooka. Wewe ungesema nini?